Dodoso la Wachuma Zabibu

Nkuhungu, Dodoma
12 Februari 2024

Kaka Faustini,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Shamila na watoto. Huku sisi hatujambo. Joto limezidi na maji ya bomba yanakuja yanapotaka, lakini tunaishi.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nikikupigia, mpaka upande kile kilima nyuma ya zahanati ndipo usikike, na ukishasikika unasema, "Tupo, Mungu anasaidia," kisha upepo unakunyang'anya sauti. Nilipokuwa bweni Mvumi ulikuwa unaniandikia kurasa kwa kurasa. Ulinieleza mpaka sura ya jogoo mpya aliyenunuliwa jirani. Mtu yule wa kwenye barua simpati kwenye simu. Ndiyo maana nimempa kondakta wa basi la Kwa Mtoro bahasha hii, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Sasa shida yangu. Shahada yangu ya saikolojia, ile mnayoniambia nimeianza uzeeni, imefika kwenye utafiti. Ninapima mambo mawili kwa wafanyakazi. Kwanza, imani ambazo mtu anajitwisha kazini hata kama hazina mantiki: kwamba hatakiwi kukosea kamwe, kwamba lazima kila mtu amkubali, kwamba akisemwa mbele za watu ndiyo mwisho wake. Pili, yale ambayo nafsi ya mfanyakazi inayahitaji: asikilizwe, ajione anaiweza kazi, ajione ana watu.

Dodoso lilitungwa Ulaya kwa ajili ya watu wa maofisini. Nimelitafsiri, na mwalimu anayenisimamia, Daktari Abdulrahim, amesema Kiswahili changu kinanuka kamusi. Sentensi ya kwanza inasema, "Ni sharti utendaji wangu uidhinishwe na watu wenye umuhimu kwangu." Nilimsomea mama anayeuza mboga hapa jirani, akaniuliza kama hiyo ni fomu ya mkopo.

Nitakaowapima ni wachuma zabibu wa Makutupora, na kibali nimepewa mashamba machache, kubwa kuliko yote likiwa la Bartolomayo. Ndiyo kaka, pale pale. Mzee alipofariki aliliachia shamba binti yake Gladness, unamjua kuliko mimi. Naomba unisaidie sentensi hizi ziseme kama watu wanavyosema wakiwa kwenye mistari ya mizabibu. Wewe umewasimamia watu wale zaidi ya nusu ya maisha yako.

Na jambo jingine, kama hutachukia. Mwaka ule ulipoacha kazi ulikuja kwangu na begi moja, ukasema umechoka, asubuhi ukapanda basi. Sikukuuliza. Sasa naenda kukaa na watu wale, ningependa kujua kilichotokea.

Mdogo wako,
Sidonia


Kwa Mtoro
5 Machi 2024

Mdogo wangu Sidonia,

Milele amina. Marahaba. Barua imefika, kondakta aliileta mpaka mlangoni akanywa na maji. Sisi wazima, ila goti la Shamila linamsumbua akiinama. Mvua ilianza vizuri halafu ikakata. Uwele umevumilia, mahindi ya waliojidanganya na mahindi yamekauka. Nyuki wameingia kwenye mizinga niliyoitundika upande wa korongo.

Sentensi zako nimezisoma. Ya kwanza andika hivi: "Wenzangu wasiponikubali kazini, mimi si mtu." Ile ya kukosea: "Nikiharibu mara moja, basi sifai." Ile ya kusemwa: "Nikikaripiwa mbele za watu, siwezi kuendelea na kazi." Ulipoandika "uhuru wa maamuzi" watadhani ni mambo ya vyama. Waulize kama yupo anayewasikiliza wakisema mstari huu haujaiva, tuuache. Nyingine nimezirekebisha pembeni kwa kalamu.

Kazi hii ilikuwa ya jioni moja, nami nimeifanya kwa wiki nzima. Kila nikiandika sentensi, naona uso. Nakumbuka tulivyofika Makutupora na mama, mwaka ule uwele ulipokataa kabisa huku kwetu. Wewe ulikuwa hujaanza kutembea vizuri. Mama aliajiriwa siku hiyo hiyo kuchuma, akakulaza chini ya mizabibu, akakufunika kwa kitenge kwa sababu ya nyigu. Kila alipohama mstari alikuhamisha na wewe. Jioni alikuwa na utomvu na sukari mpaka kwenye viwiko, nawe ukawa unamlamba vidole.

Watu walicheka lugha yetu na milio yake ya kugonga ulimi kwenye kaakaa. Wagogo walisema tunaongea kama mtu anayevunja vijiti mdomoni. Matonya alikuwa kijana wakati huo, mkata matawi, akaapa atalitamka jina la ukoo wa mama kama tunavyolitamka sisi. Alijaribu msimu mzima na alijiuma ulimi zaidi ya mara moja. Mama alikuwa akimwona tu anaanza kucheka kabla hajafungua kinywa.

Na harufu ile ya saa nne, jua likishapanda na zabibu zilizodondoka zikaanza kuchacha mchangani. Wa mstari wa mwisho wanaanzisha wimbo, wa huku wanaupokea, mtu hajui ameanza kuuimba saa ngapi. Mchana Mzee Bartolomayo anakuja na kofia yake iliyotoboka, anakaa chini nasi, ugali na mlenda sahani moja. Nilipokuwa msimamizi niliuendeleza mtindo huo. Mchana ukifika, mkasi chini, wote pamoja. Huku najilimia mwenyewe, nakula saa ninayotaka, na bado ikifika saa saba naangalia huku na huku.

Nimezungumza mengi. Ombi langu ni moja. Ukifika pale usiseme kwamba wewe ni mdogo wangu.

La kuondoka kwangu, nilichoka.

Shamila na watoto wanakusalimu sana.

Kaka yako,
Faustini


Nkuhungu, Dodoma
22 Aprili 2024

Kaka mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Poleni na msiba wa jirani yenu, nimeusikia kwa kondakta. Pasaka huku ilikuwa ya kimya, nililala na homa, sasa nimepona. Mwambie wifi namtumia dawa ya kuchua goti, imo kwenye mfuko pamoja na barua hii.

Asante kwa sentensi. Zimekubalika, ila ile ya "Bosi akinuna, tumbo langu linauma" tumeiondoa, maana kila niliyemsomea alicheka na hakuna aliyejibu kwa dhati.

Nimemaliza Makutupora. Nilikaa pale mavuno yote ya Machi. Nilikaa chini ya turubai karibu na tangi la maji, watu wanakuja mmoja mmoja, nawasomea, wananijibu. Nilishika ombi lako, sikutaja jina. Lakini siku ya tatu alikuja Matonya. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Nilimsomea, akajibu yote bila haraka, halafu akabaki amekaa.

"Umemaliza, baba," nikamwambia.

"Najua nimemaliza," akasema. "Nangoja ucheke."

"Kwa nini nicheke?"

"Mama yako alikuwa akiniona tu anaanza kucheka. Nataka kuhakikisha ni wewe."

Basi nikacheka, kaka, na machozi yakanitoka. Nisamehe, sikuweza kumkana. Nilimwomba asimwambie mtu, na hakumwambia. Jioni alinisindikiza mpaka barabarani, na njiani akanisimulia bila mimi kumwuliza. Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia aliyoyasema, akasema, "Mwandikie."

Alisema Gladness alipochukua shamba alileta mzani na ubao. Kila jioni uzito wa kila mchumaji unaandikwa ubaoni, na asubuhi yanasomwa majina ya walio chini kabisa, waende zao. Asubuhi ya kwanza alikupa wewe ubao uwasomee. Jina la kwanza la kuondolewa lilikuwa la Bibi Sabrina, aliyechuma pale tangu enzi za mama. Uliangalia ubao, ukasema, "Majina haya siyasomi." Ukauweka chini, ukatembea kuelekea barabarani.

"Alisema mumfuate?" nikamwuliza.

"Hakusema. Lakini tulielewa."

"Ikawaje?"

Matonya alitazama mikono yake. "Hakuna aliyevuka mtaro wa mpaka wa shamba," akasema. Basi langu likaja.

Sasa kila mtu anakula peke yake kwenye mstari wake, amegeukia mizabibu, kwa sababu muda wa kula unapunguza uzito wa jioni. Hakuna anayeimba. Nimeanza kujumlisha majibu. Kwenye mahitaji ya nafsi, lile la kuwa na watu limeanguka pale kuliko shamba jingine lolote nililopima. Na sentensi waliyoikubali wengi kuliko zote ni ile, "Wenzangu wasiponikubali kazini, mimi si mtu."

Kaka, sentensi ile uliiandika wewe. Nimeisoma tena na tena. Uliiandika kwa ajili yao au kwa ajili yako?

Mdogo wako,
Sidonia


Kwa Mtoro
2 Julai 2024

Sidonia,

Salamu. Sisi wazima. Uwele tumevuna, si haba. Dawa ya goti imefika, Shamila anashukuru.

Nilikusaidia kazi yako kwa sababu uliniomba. Mimi si kibarua uliyemkalisha chini ya turubai. Usinijumlishe.

Ningekuwa na Matonya ningemwambia anyamaze. Watu wale nilikula nao, nilizika nao wazazi wao, nilisimama kwenye ndoa zao nikiwa mshenga na shahidi. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuhitaji kitu kwao, isipokuwa asubuhi moja. Nikaona nilivyo kwao. Mtu akishaona hivyo hana haja ya kupimwa.

Usimwambie Matonya ninapoishi.

Faustini


Nkuhungu, Dodoma
20 Julai 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipokea nikaisoma nimesimama pale pale stendi. Nisamehe. Nilikuuliza wewe kama ninavyowauliza watu nisiowajua, na ulistahili nije nikae nawe nyumbani, tule, ndipo niulize au ninyamaze. Upepo wa Julai umeanza, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi. Nikiusikia usiku nawakumbuka mlivyokuwa mkiziba dirisha kwa gunia kule kwenye kambi ya wachumaji, wewe na mama, na mimi katikati yenu kwenye mkeka.

Sitakuuliza tena. Nitakueleza tu kilichotokea ofisini kwa Gladness, halafu nitakuomba jambo moja.

Nilimpelekea matokeo, kama tulivyokubaliana kwenye kibali. Jedwali halina majina ya watu. Alisoma, akafika kwenye mstari wa kuwa na watu, akasema, "Nani wamejibu hivi?"

"Sitakuambia," nikasema.

"Shamba ni langu. Naweza kufuta kibali chako leo, na utafiti wako ukaishia hapa."

"Najua. Niliwaahidi kabla hawajajibu."

Niliogopa, kaka, maana bila shamba lile sina tasnifu. Aligeuza kalamu. Nilidhani anatafuta namna ya kunifukuza. Halafu akauliza kwa sauti nyingine kabisa, "Ni kweli baba alikuwa anakula nao? Mimi nilikuwa shule Dar, likizo nalala. Sikumbuki kumwona akila mchana nyumbani."

Nikamwambia wanasema hivyo, kwamba alikaa chini nao, sahani moja. Kibali hakukifuta. Nilipokuwa natoka alikuwa amesimama dirishani anaangalia mistari. Siku hizi nasikia ubao bado upo lakini majina hayasomwi tena kwa sauti. Sijui kama ni mimi au ni mavuno mabaya.

Sikufundishi, kaka. Ila kuna kitu darasani kilinigusa. Mtu kutamani kufuatwa na watu wake si kosa wala si ujinga, ni njaa kama njaa nyingine. Linalotuumiza ni neno tunaloongeza wenyewe baadaye: wasiponifuata, basi nilikuwa bure. Nililiona neno hilo kwenye majibu ya wale waliobaki. Nao wanajiambia kitu kinachofanana nalo. Wanasema, "Aliyetupenda alituona hatufai, akaenda zake."

Ombi langu: Matonya amekuja mpaka chuoni kuniuliza unaishi kijiji gani. Nimemjibu siwezi kusema mpaka uniruhusu. Je, nimwambie?

Nangoja jibu lako. Ukichelewa sitakasirika.

Mdogo wako,
Sidonia


Kwa Mtoro
10 Septemba 2024

Mdogo wangu Sidonia,

Milele amina, na marahaba zote nilizokuwa nadaiwa. Sisi wazima. Goti la Shamila limepata nafuu, sasa anapanda mpaka kisimani bila fimbo. Asali tumerina, nimekuwekea dumu dogo, ya maua ya mgunga, unayoipenda. Mumeo, shemeji yangu Noeli, mpe salamu, mwambie akija kutoka Singida apitie huku, njia ni ile ile.

Barua yako ya Julai sikuijibu. Niliandika jibu nikalichana, nikaandika jingine nalo nikalichana. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli, halafu nikakasirika kwa sababu uliisema kwa upole.

Sasa sikiliza. Jumapili tulikuwa tumetoka misa, nimevua viatu, Shamila anapepeta. Likaja gari la shamba, ile pikapu ya bluu, naujua mlio wake hata sasa. Wakashuka watu nyuma, wamejaa vumbi mpaka kope. Matonya, Bibi Sabrina akiwa ameshikwa mkono, na wengine wa mstari wa chini ambao majina yao ukiyasikia hutayajua. Nilidhani umewaambia wewe. Hukuwaambia. Walikwenda kumwuliza Gladness, naye akatafuta kijiji kwenye karatasi zangu za ajira, akawapa gari na dereva. Neno lake lilikuwa, "Mwambieni namsalimu." Wamekuja na ndoo mbili za zabibu zimefunikwa magunia mabichi, na nusu zilikuwa zimegeuka mvinyo njiani.

Sikujua nifanye nini. Nilisimama mlangoni peku. Matonya akaja mbele yangu, akalitamka jina la ukoo wa mama. Amelitamka vibaya kama siku zote. Shamila alicheka mpaka akakaa chini.

Tulikula. Hakuna aliyezungumzia lolote. Tuliulizana kuhusu mvua, kuhusu nani amezaa na nani amekufa. Bibi Sabrina siku hizi anakaanga maandazi kwenye geti la shamba, macho yanampa shida, anajua yameiva kwa sauti ya mafuta. Ilipokaribia saa ya wao kuondoka nikaona wataondoka hivi hivi, nami nitabaki na lile jambo kama nilivyolileta. Nikauliza. Sauti haikuwa yangu.

"Siku ile mbona mlibaki?"

Wote wakatazama chini isipokuwa Bibi Sabrina.

"Nani alikuambia tulibaki?" akasema. "Ulipofika mtaroni Matonya alikuwa amekwisha kutupa mkasi. Mstari wangu wote ulikuwa umesimama, mikono kiunoni. Na mistari ya juu vile vile. Tulikuwa tumesimama shamba zima tunakutazama mgongo."

"Hakuna aliyevuka," nikasema.

"Tulingoja ugeuke," akasema Matonya. "Tulisema, akigeuka akatuona, atatuambia twende wapi. Ulikwenda moja kwa moja. Tukasema, huyu hatutaki tena. Yule kijana wa mzani akapiga filimbi, na kila mmoja akakumbuka ana watoto. Tukainama."

Sidonia, sikugeuka kwa sababu nilikuwa na hakika hakuna mtu nyuma yangu. Nilikuwa na hakika hiyo kabla sijauweka ubao chini. Nilitembea nayo mpaka lami, nikapanda nayo basi, nikaja nayo kwako na lile begi, nikaileta mpaka huku nikalala nayo kitandani. Na wakati wote huo walikuwa wamesimama.

Nilimshika Matonya bega. Alikuwa ameisha, mifupa tu, na yeye akanishika. Hatukuombana msamaha. Bibi Sabrina alisema amechoka na gari, akalala kwetu, na Shamila mpaka leo hajamruhusu kuondoka. Wanabishana kutwa namna ya kukanda unga.

Kazini sitarudi. Mguu wangu umeshazoea udongo wa huku, na msimamizi wa sasa naye ana familia. Lakini mavuno ya mwezi wa pili nitakuja Makutupora nikae nao mchana mmoja, na wewe uje, tutakaa upande wa tangi la maji. Kwenye kazi yako ya chuo andika unachotaka kuhusu mimi, ila usiandike jina.

Watoto wamekuwa wakiniuliza habari za Makutupora tangu wageni waje. Jana jioni nimewasimulia yote, tangu safari ya mama na wewe mgongoni, nyigu, nyimbo, kofia ya Mzee. Huko nyuma nilikuwa nikisimulia naishia pale, nawaambia nendeni mkalale. Jana nilipofika kwenye asubuhi ile, sikuiruka.

Kaka yako anayekupenda,
Faustini